Wacheni Kumshangilia Dere Anayevuka Laga

Kila mvua ikinyesha huku kwetu, simu yangu hujaa video moja. Watu tofauti, laga tofauti, lakini video ni ile ile. Maji ya rangi ya chai yanateremka kwa kasi. Ng'ambo watu wamejikunyata ndani ya shuka. Probox inaingia polepole, maji yanafika kwa taa, mtu anapiga kelele "kanyaga! kanyaga!", gari inayumba kidogo, alafu inatokea upande wa pili ikimwaga maji kama mbuzi ametoka dipu. Anayeshika simu anacheka. Komenti ziko chini: "Huyo dere ni moto." "Mwanaume ndio huyo." "Hii ndio Turkana, watu wa Nairobi hawawezi."

Mnanitumia mkitaka niposti. Siposti, na leo nitawaambia kwa nini. Wengi wenu hamtapenda, ni sawa tu, komenti ziko wazi.

Rudia hiyo video, lakini sasa wacha maji na uangalie viti vya nyuma. Kuna mama amefunga mtoto mgongoni. Kuna mwanafunzi na sanduku lake la shule. Kuna msee wa kambi ya Kakuma aliyehangaika siku kadhaa kupata kibali cha kusafiri ndio afike Kitale. Hao ndio wamelipa nauli. Hakuna mtu aliwauliza kama wanataka kuingia kwa maji. Dere amepata sifa, mwenye gari amepata hesabu yake ya siku, mwenye simu amepata viu. Wao wamepata nini? Wamefika. Na wangefika hata kama wangengoja.

Huku kwetu kila msimu uko na njia yake ya kuua watu barabarani. Na sisi watu wa mtandao, ambao ndio tuko na macho ya vijana wote wa Lodwar na Kakuma, tumechagua kupigia hizo njia makofi.

Ukisikiza matangazo ya usalama barabarani ya nchi hii, utadhani Kenya iko na msimu mmoja tu, Krismasi, na Pasaka kama mdogo wake. Disemba ikifika karao wanajaa barabarani, NTSA wanatoa taarifa, kila redio inakuambia usiendeshe ukiwa umelewa. Tunaambiwa kuhusu ukungu wa Limuru na mteremko wa Salgaa. Sina shida na hayo, watu wanakufa Salgaa kweli. Lakini hebu niambie ni lini mara ya mwisho ulisikia tangazo la kitaifa likikuambia jinsi ya kuendesha gari mahali ambapo mto unakuja bila mvua.

Sisi tuko na misimu miwili mikubwa na kila mtoto wa hapa anaijua kwa majina yake: akiporo, wakati wa mvua, na akamu, wakati wa kiangazi. Mababu zetu walipanga maisha yote juu ya hayo maneno mawili. Mifugo ilihama kwa hayo. Mchungaji wa miaka kumi na mbili hawezi kulaza mbuzi katikati ya laga usiku wa akiporo, hata kama mchanga ni mlaini na juu kuna nyota. Anajua. Alafu huyo huyo akikua, akipata simu na kazi ya kupiga debe steji ya Lodwar, ile akili yote anaiacha nje ya mlango wa gari.

Tuanze na akiporo, kwa sababu hapo ndipo tunajidanganya zaidi.

Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 kwa mwaka. Nairobi hupata mara nne ama tano ya hiyo. Kwa hivyo mtu anasema: mvua yenyewe ni kidogo, itanifanya nini? Shida ni kwamba hicho kidogo hakigawanywi vizuri. Kinakuja kwa siku chache, kwa saa chache, kinapiga ardhi ngumu isiyo na nyasi ya kukishika, na maji yote yanatafuta mahali pa chini. Mahali pa chini ni laga. Na laga, kwa bahati mbaya, ndiyo imekatiza karibu kila barabara yetu.

Kitu cha pili ndicho wageni hawaelewi, na sisi tunajifanya tumesahau. Maji ya laga si lazima yawe ya mvua unayoiona. Turkwel inaanzia Mlima Elgon, kule inaitwa Suam, inashuka hadi bwawa la Turkwel Gorge, alafu inapita jangwani kuja Lodwar na kuendelea hadi ziwani. Mtu wa Lodwar anaweza kuwa amekaa kwa jua kali, anakunywa soda, na mto unapanda kwa sababu ya mvua ya watu wengine. Mwaka wa 2020 lile bwawa lilijaa mpaka KVDA wakatoa onyo kwa watu wa chini kwamba maji yanaweza kumwagika. Tarach inayopita Kakuma pia, maji yake mengi yanatoka vilima vya upande wa mpaka wa Uganda. Kwa hivyo dere akiangalia juu, aseme "mbingu iko safi, twende", amesoma mbingu isiyohusika. Angetakiwa kuangalia kule milimani. Kama kule ni kweusi na radi inapiga, laga mbele yako iko na mpango ambao hujaambiwa.

Na ikija, haiji polepole kama ndoo inayojazwa. Inakuja kama ukuta mdogo, na miti, na mizoga, na matakataka ya mji. Mchanga mkavu saa tisa, saa tisa na nusu maji ya kiuno.

Sasa mtu ataniambia: Probox ni nzito, hiyo haiwezi kubebwa na maji ya magoti. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini hii hesabu haitaki digrii, inataka kalamu. Probox ni tani moja hivi, kilo elfu moja na kidogo. Urefu wake ni kama mita 4.2, upana mita 1.7. Zidisha upate eneo la chini: mita saba za mraba na kidogo. Maji yakipanda sentimita 15 tu juu ya sakafu ya gari, kabla hayajaingia ndani, gari imesukuma kando karibu mita moja ya ujazo ya maji. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo elfu moja. Umeona? Uzito wa gari umeisha. Ongeza watu saba wa kilo sitini, unahitaji sentimita tano ama sita zaidi za maji, basi. Na sakafu yenyewe iko juu ya barabara sentimita 15 hivi. Kwa hivyo kwa maji yasiyofika hata magoti ya mtu mrefu, tairi zako zinagusa chini kwa heshima tu. Haziko na nguvu ya kushika kitu. Dere anazungusha usukani, na usukani umekuwa pambo.

Wamarekani, ambao mafuriko ya ghafla huwaua kila mwaka, wana vipimo rahisi wanavyofundisha watu: maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya 30 yanaweza kuelea na gari ndogo, ya 60 yanabeba magari mengi, hata zile kubwa. Kwa hivyo wewe wa Land Cruiser usicheke. Urefu wa gari umekuongezea sentimita chache, na kiburi kimekuongezea mita mbili.

Alafu hayo ni maji peke yake. Chini ya maji hujui kuna nini. Drifti uliyoipita jana iko na ukingo, leo ukingo umechimbwa na maji na hakuna anayeuona kwa sababu maji ni tope. Mtu anasema "mimi hii barabara naijua kama mkono wangu". Ulijua ya jana.

Ushahidi hauko mbali. Tarehe 4 Disemba 2021, kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya wakienda harusi liliingia Mto Enziu uliokuwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hiyo video wengi wenu mliiona, na mimi niliiona, basi likilala upande polepole huku watu wa ukingoni wakipiga mayowe. Ukitazama sekunde za kwanza, kabla basi halijalala, inafanana kabisa na video mnazonitumia mimi. Maji yale yale, kelele zile zile, basi linaingia polepole vile vile. Tofauti ni kwamba moja iliisha vizuri ikaitwa ushujaa na nyingine iliisha vibaya ikaitwa mkasa. Uamuzi wa dere ulikuwa ule ule.

Aprili 2024, basi lingine lilibebwa na maji pale Tula, upande wa Garissa. Abiria walipanda juu ya paa, wakakaa huko kama kuku kwa kiota, na waokoaji wakawatoa wote 51 wakiwa hai. Nchi nzima ilishukuru Mungu, na ni sawa kushukuru. Lakini sikuona watu wengi wakiuliza swali la mbele ya hapo: nani aliamua liingie?

Najua mtakachosema sasa hivi. Nitajibu, kwa sababu mengine yana ukweli.

"Wewe unaongea kwa sababu huna gari ya kulipia." Kweli, dere wengi si wendawazimu, wanabanwa. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, mvua isinyeshe ama inyeshe. Dere akilala njiani anakula hasara peke yake. Samaki wa kutoka Kalokol hawangoji. Miraa haingoji. Kwa hivyo hasira yangu nusu ni ya dere, na nusu nyingine nimemwekea mwenye gari aliyekaa kwa kivuli mjini akipiga simu kila dakika kumi, "mmefika wapi?" Mwenye gari, kama unasoma hii: ukipigia dere simu akiwa mbele ya laga umwambie aharakishe, umeshika usukani na wewe. Gari ikienda na maji usilie ati dere alikuwa mzembe.

"Ukingoja usiku, wezi watakumaliza." Hii sitaidharau. Kila mtu anayepita Kainuk anajua kwa nini magari yalikuwa yanaenda kwa msafara na polisi. Kulala porini na abiria si mchezo, na kuna mahali ambapo laga nyuma na laga mbele zimekufungia kati. Lakini hilo ndilo sababu ya kuamua mapema. Kama ni msimu wa mvua na milima iko kweusi, uamuzi unafanywa steji, kabla ya kutoka Lodwar, kabla ya kutoka Kakuma. Unaondoka asubuhi, sio saa kumi jioni ukitafuta abiria wa mwisho wa kujaza kiti. Mtu anayefika kwa laga saa mbili usiku akiwa na chaguo la maji ama bunduki, alipoteza chaguo zuri saa nne kabla.

"Na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya rufaa Lodwar?" Hapo sitajifanya niko na jibu rahisi. Mimi sijawahi kuendesha ambulensi na sitamfundisha anayeiendesha. Naomba tu tuache kumtumia huyo mama kama kisingizio cha kila Probox. Zile gari za video hazikuwa na mgonjwa. Zilikuwa na magunia ya vitunguu na watu waliotaka kufika kabla ya giza. Na huyo mama, kitu kinachomsaidia ni daraja, na daraja halijengwi na komenti za "dere ni moto". Tukishangilia kuvuka, tunawaambia viongozi kwamba tunavuka vizuri tu, hakuna haraka.

"Siku yako ikifika imefika." Kwa heshima yote kwa wazee wanaosema hivyo, huyu mzee anayesema hivyo akiwa kwa gari hasemi hivyo akiwa na ng'ombe. Ng'ombe wake anawatoa kwa laga mapema sana.

Haya, akiporo imeisha. Watu wanadhani kiangazi ni wakati wa kupumzika barabarani. Maji hakuna, mbele ni lami, kanyaga. Na hapa lazima tuongee juu ya hiyo lami.

Wale wadogo hamkumbuki. Barabara ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway, alafu mwaka wa 1990 Kenya na Norway wakavunja uhusiano, na miaka iliyofuata barabara ikaliwa polepole. Tuliozaliwa baadaye tulikuta visiwa vya lami katikati ya mashimo, na magari yakipita kando kwenye mchanga kwa sababu kando kulikuwa afadhali. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 na ilikuwa inakula siku. Sasa kumekuja mkopo wa Benki ya Dunia na lami mpya kutoka Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Hiyo ni baraka, sitaki mtu aniambie nachukia maendeleo. Lakini mashimo yalikuwa yanafanya kazi moja nzuri ambayo hatukuyashukuru: yalikuwa yanapunguza spidi. Mwaka ule gari ikigonga mbuzi, mbuzi alikuwa na makosa ya kulala. Sasa gari inakuja na kilomita 120 kwa saa, na dere aliyejifunza kuendesha kwenye mashimo hajawahi kufundishwa kusimamisha gari kwenye spidi hiyo.

Na akamu ndio wakati mifugo inatembea zaidi. Malisho yameisha, maji yako mbali, kwa hivyo kundi linakatiza barabara kwenda kisimani na linakatiza tena kurudi. Kando ya barabara mathenge imeota mpaka imefunga macho. Mbuzi anatoka mathenge kama ametupwa. Mbuzi ukimgonga utalipa. Ngamia ni hesabu nyingine. Ngamia ana miguu mirefu, bampa inamkata miguu na mwili wote, kilo mia nne na zaidi, unakuja kupitia kioo cha mbele hadi kwa kifua chako. Usiku ngamia hana taa na rangi yake ni ya mchanga. Kama kuna mtu mmoja atasoma hii na kuchukua kitu kimoja tu, achukue hiki: usiku wa kiangazi, spidi yako iwe ile ambayo unaweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Kama taa zinaonyesha mita hamsini na wewe unahitaji mia kusimama, zile mita hamsini za mwisho unaziendesha ukiwa umefumba macho.

Alafu tairi. Mchana wa akamu lami inapita nyuzi 50. Tairi iliyopungukiwa na upepo inajikunja na kujinyoosha kila mzunguko, inapika kwa ndani, na ukiwa umebeba watu tisa kwa gari ya watano na magunia juu, inapasuka. Nyingi za tairi zetu ni za mtumba. Unaambiwa "ex-Japan, bado mpya", na kweli meno bado yako, lakini raba inazeeka hata ikikaa tu kwa stoo. Kwa ubavu wa kila tairi kuna namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Ukiona 2312, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2012. Ilikuwa kwa soko wakati wewe ulikuwa shule ya msingi. Hiyo kuisoma ni bure na inachukua sekunde tano, hata abiria anaweza. Simameni steji, inama, soma. Makanga atawaona vituko, na iwe hivyo.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi, gari ikiwa baridi. Mtu anayepima saa nane mchana baada ya kutoka Lokichar anaona namba imepanda, anatoa upepo ati imezidi, na usiku anaendesha tairi laini. Hapo amejitengenezea shida kwa bidii yake mwenyewe.

Kuna upepo mwingine, ule wa Mungu. Huku kwetu upepo una nguvu ya kweli, ndio maana ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani, wameweka mitambo 365 ya kuufanya umeme. Upande wetu huo upepo unatubebea mchanga. Vumbi likishuka unakuwa huoni bampa yako. Mtu anawasha taa za hatari na anaendelea na spidi ile ile, kana kwamba zile taa zinafukuza vumbi. Toka kabisa nje ya lami, simama, zima taa ili wa nyuma asidhani wewe ni barabara akakufuata, alafu ngoja. Mara nyingi ni dakika chache. Na mchanga uliobaki kwa lami baada ya hapo ni utelezi, bodaboda wanajua, magoti yao yanajua.

Bodaboda, nitapita haraka kwenu kwa sababu mnastahili posti yenu nzima. Najua helmeti kwa nyuzi 38 ni kama kuvaa sufuria. Abiria hataki ile ya kila mtu kwa sababu ya jasho la wengine. Sawa, beba kitambaa. Lakini kupakia watatu Kakuma usiku bila taa, kwa njia ya kambi ambayo watoto wanacheza, hiyo haina msimu na haina sababu.

Narudi kwa video, kwa sababu hapo ndipo niko na mamlaka kidogo. Barabara ni ya KeNHA, njia za mashambani ni za KeRRA na kaunti, gari ni ya mwenyewe. Simu ni yetu. Sisi ndio tunaamua ni nini kinaonekana ujanja kwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyepata leseni juzi na anabeba watu Lodwar–Kakuma. Huyo kijana hasomi sheria ya trafiki. Anasoma komenti. Akiona dere aliyevuka anaitwa moto na dere aliyesimama anaitwa mwoga, unadhani akifika kwa laga atafanya nini, na nusu ya abiria wamemshikia kamera?

Kuna kitu sijawahi kutumiwa hata mara moja: video ya dere aliyesimama. Wako wengi. Utawapata wakati wa mvua, wameegesha gari juu, mbali na ukingo, wamezima injini, wamekaa na abiria chini ya mti wakitazama jiwe walilochagua kama alama, waone kama maji yanapanda ama yanashuka. Maji ya laga mara nyingi hushuka kwa saa chache. Wanangoja mpaka jiwe lionekane lote, alafu mmoja anatembea kwanza maeneo ya ukingo kuangalia drifti imebaki ama imeenda. Huyo anatukanwa na abiria kwa saa tatu. Hakuna muziki unaoweza kuweka chini ya hiyo video. Lakini nitumieni. Hiyo nitaposti, na nitaweka jina la gari kama dere anakubali, na mkimwita mwoga kwa ukurasa wangu nitawatoa.

Kwa sako zote za njia hii niko na ombi moja, na nimeliandika kwa maneno ya pesa ndio lieleweke. Andikeni kwa risiti: laga ikijaa, gari inangoja, na abiria asiyetaka kuvuka anashuka akirudishiwa nauli ya safari iliyobaki. Sai abiria akisema "mimi sitaki kuingia hapo", anaambiwa ashuke na pesa imeenda. Kwa hivyo ananyamaza. Watu saba wananyamaza kwa sababu ya shilingi mia kadhaa kila mmoja, na kila mmoja anadhani wale wengine hawaogopi.

Na kwa KeNHA na kaunti: wakati tunangoja madaraja, wekeni nguzo za vipimo kwenye kila drifti. Nguzo ya zege, rangi nyeupe na nyekundu, mistari ya sentimita 15, 30, 60. Saruji na rangi tu, hakuna mkopo wa kimataifa unahitajika hapo. Tukiwa na mstari mwekundu, abiria hatakuwa anabishana na dere juu ya roho ya nani ni ngumu. Atanyoosha kidole kwa mstari.

Mvua zijazo ni za Oktoba. Kutoka sai nitakuwa nikipita laga za hapa karibu na Lodwar nikipiga picha ya kila drifti isiyo na nguzo, na jina la mahali. Walioko Kakuma, Kalobeyei, Lokichoggio, Lokori na njia ya Kalokol, nitumieni zenu nizipange pamoja. Pigeni mchana, mkiwa mmesimama pembeni, na laga ikiwa kavu.